Maombi ya Jumatatu

Kampuni ilipoleta mfumo mpya wa kompyuta, ofisi nzima ilishangilia isipokuwa Nangila, maana kompyuta yake iliacha kusema naye. Nangila haoni tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wavuvi waliokodi taa za sola, sikio moja kwa mteja, jingine kwa sauti ya kompyuta iliyomsomea yaliyo kwenye skrini. Taa ya mvuvi wa ufuo wa Luanda Kotieno ikikataa kuwaka, aliiamsha kwa kompyuta kutoka ofisini kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Sasa kila alipogusa, sauti ilimwambia neno moja tu: kitufe, kitufe, kitufe. Kitufe cha nini, haisemi.

Alimpigia simu fundi aliyeuunda mfumo. Fundi akamwambia ni suala la kuvipa vitufe majina ambayo kompyuta inaweza kuyasoma, kazi ya siku chache, lakini yeye hagusi kitu bila neno la bosi. Bosi ni Bwana Absalom, mzee wa kanisa, mtu mwema kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mtu mbaya ukimdai haki yako anakukatalia, ukajua umefika wapi. Bwana Absalom alimshika bega.

"Nyathina," alisema, kwa Kijaluo chake cha kumwita mwanangu, "hii maneno tutaiweka kwa maombi."

Na kweli aliiweka. Ofisi ile huanza wiki kwa maombi, wote wamesimama duara, mkono kwa mkono. Jumatatu baada ya Jumatatu Mungu aliombwa amfungue Nangila macho, na hakuna aliyemwomba Absalom apige simu. Nangila aliitikia amina kwa hasira. Macho yake hayakuwa yamemkosea mtu.

Alirudi kwa bosi mara ya pili, safari hii Jentrix, rafiki yake wa meza ya jirani, akiwa amesimama papo hapo na kikombe cha chai. Jibu likawa lilelile. Walipotoka, Jentrix akamnong'oneza.

"Achana na huyu mzee. Nipatie password yako, mimi nitakuwa nakufinyia hivyo vitufe. Nani atajua?"

Walitoka wote mtaa wa Manyatta kila asubuhi, wakicheka njia nzima. Nangila hakuwa na sababu ya kumkatalia. Akampa. Hapo walikosea, na walikosea kwa upendo. Nangila alizungumza na wateja, Jentrix akaminya vitufe huku akihudumia simu zake mwenyewe, na kazi ikaenda vizuri hadi Bwana Absalom akasimama kwenye duara kutoa ushuhuda kwamba maombi yamejibiwa. Watu wakapiga makofi. Ukitaka kujua namna haki ya mtu inavyozikwa kwa shangwe, ungekuwa hapo.

Kisha Jentrix, akiwa na haraka zake, alizima kwa kompyuta taa ambayo hakupaswa kuizima. Mvuvi mmoja, Wechuli, akabaki gizani katikati ya ziwa na wenzake, mtumbwi mwingine ukakaribia kuwagonga. Alifika ofisini akifoka hadi barabarani walimsikia. Kompyuta ilionyesha kosa ni la Nangila, maana password iliyotumika ni yake.

Bwana Absalom alimwita, akamvutia kiti.

"Sitaki kukufuta kazi, nyathina. Wewe enda mapokezi, ukae pale usalimie wageni, hii stori iishe. Ama unataka nianze kuuliza nani alikuwa anakufinyia? Kupeana password ni kufutwa, unajua."

Kumbe alijua. Nangila alijisikia mjinga, halafu akajisikia kulia, na hakulia. Hakusoma miaka yote ile ili awekwe mlangoni kama chungu cha maua.

Mchana alikwenda kwa Rachael, wakili anayesaidia watu bila malipo pale mjini. Rachael alimweleza bila kupamba maneno. Sheria inamtaka mwajiri arekebishe kazi ili mwenye ulemavu aweze kuifanya, isipokuwa kama mzigo wenyewe unamshinda kweli. Kuandika majina kwenye vitufe hakumshindi mtu.

"Lakini atasema hukuomba kitu ila maombi," Rachael aliongeza. "Nahitaji mtu aliyekuwa hapo ukiomba, akasikia ulichojibiwa. Uko naye?"

"Niko naye," Nangila alisema, akimfikiria Jentrix.

Jumatatu duara likaundwa. Jentrix alimshika mkono wa kulia kama kawaida, kiganja kimelowa jasho. Bwana Absalom alimshukuru Mungu kwa dada yao Nangila, ambaye kwa hiari yake amekubali kuhamia mapokezi. Akangoja amina.

"Mimi sijakubali," Nangila alisema. "Nimekuomba mara mbili umpigie fundi simu. Mara mbili umeniombea. Nataka kompyuta yangu isome, Bwana Absalom. Ni haki yangu kwa sheria."

Bwana Absalom alipozungumza, upole wote ulikuwa umemtoka.

"Basi tuambie hapa mbele ya Mungu. Nani alikuwa anakufinyia?"

Mkono wa Jentrix ukachomoka polepole kutoka mkononi mwake.

"Huyo mtu alikuwa anafanya kazi yako," Nangila alijibu. "Jina lake silitoi."

"Tufunge kwa maombi," alisema Bwana Absalom.

Nangila alinyoosha mikono yote miwili. Wa kushoto ukashikwa. Wa kulia aliuacha hewani muda wote wa sala, na mwishoni akaisikia amina ya Jentrix ikitokea ng'ambo ya duara, karibu na dirisha.

Alimaliza siku bila kuguswa na mtu. Jioni alipita kwa Rachael peke yake, akipapasa ngazi kwa fimbo. Rachael alimuuliza kama shahidi wake amekubali kuja.

Nangila akamwambia hana shahidi, na kwamba kesi anaitaka hivyohivyo.