Swichi ya Upande wa Tiyo Restituto

Mtu akinisimamia kichwani kunifundisha kazi yangu ya umeme, namwachia bisibisi aendelee mwenyewe. Pale Pototan, mjini kwetu, wananijua. Lakini kwa Tiya Consorcia, tunayemwita shangazi kwa heshima, nilifunga mdomo, maana alichotaka kilikuwa kidogo na cha haki.

Mumewe, Tiyo Restituto, alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia wote ulikufa, na maneno yakaenda nao. Usiku akibanwa na kifua hakuwa na namna ya kumwamsha mkewe, kwa sababu Tiya alilala kuliani kwake, upande wa mkono usiosikia. Swichi ya taa nayo ilikuwa kwa Tiya.

"Nataka aweze kuniita," aliniambia. "Hilo tu."

Nikawafungia swichi mbili, moja kila upande wa kitanda, ili huyu akiwasha yule aweze kuzima. Ukutani mzee asingefika, kwa hiyo nilizikaza kwenye mbao za ubavuni, katikati kabisa, pale mkono unapoangukia mtu akilala chali. Nilimwambia Tiyo alaze mkono wake wa kushoto, nikapiga alama ya penseli chini ya vidole. Alipobonyeza mara ya kwanza taa ikawaka, Tiya akazima kwa upande wake, mzee akawasha tena. Wakachezeana hivyo mpaka nikawaambia wataniunguzia balbu. Tiyo akacheka kwa nusu ya mdomo. Wakapatana mbele yangu kwamba taa ikiwaka, Tiya aamke, na Tiya akamwonya asije akamwamsha kwa utani, atamnyima uji wa tangawizi.

Siku chache baadaye akaja Iluminada, dada mkubwa wa Tiya, na kikapu cha samaki wakavu na mdomo wake. Aliposimama mlangoni mwa chumba tu, akaja juu. Miguu ya mgonjwa ilikuwa imeelekea mlango! Kwetu maiti ndiyo hutolewa nyumbani hivyo, miguu mbele, na aliye hai akilala hivyo anakiita kifo. Kitanda kilikuwa cha mbao ngumu ya narra, kizito, wanawake wawili wasingekisogeza. Basi wakageuza mito. Wakamlaza mzee kichwa upande wa mlango, miguu ukutani, ukingo ule ule wa dirishani alikopenda upepo. Tiya alitazama swichi, akaiona iko pale pale karibu na mkono wa mumewe, akaridhika.

Tiyo alikufa wiki ile ile.

Nilipokwenda msibani, jeneza lilikuwa sebuleni, taa zinawaka mchana kweupe, watu wanacheza karata uani ili marehemu asikae peke yake. Iluminada alikuwa akigawa kahawa na biskuti na kuwagombeza wanaokataa. Tiya akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akafunga mlango.

"Mwanangu, niambie kweli. Ile taa ilikuwa nzima?"

Kabla sijajibu nilikitazama kitanda. Mito ilikuwa bado upande wa mlango. Nikasimama kilipolala kichwa cha Tiyo, nikajipimia kwa mwili wangu mwenyewe. Dirisha lilikuwa kuliani. Swichi kuliani. Walipomgeuza, swichi ilibaki na mkono uliokufa, na mkono mzima ukawa upande wa mkewe.

Tiya hakuuona uso wangu, alikuwa akinyoosha shuka. Alinisimulia kwamba usiku ule Tiyo alimwekea mkono kichwani. Hakuwa amemgusa hivyo tangu augue. Mkono ulimpapasa nywele, ukashuka begani, ukawa unamvutavuta. Yeye, katikati ya usingizi, akasubiri taa. Haikuwaka, akajua mzee hana shida. Akauchukua ule mkono, akaubusu, akauweka chini ya shavu lake, akalala kwa furaha. Asubuhi alikuwa bado ameushika, umeshapoa.

"Angekuwa na shida angewasha," akasema. "Si tulipatana? Kwa hiyo alikuwa ananiaga."

Mimi sijui kumung'unya maneno, na watu wengi wamenichukia kwa hilo. Nilizunguka mpaka dirishani, nikainama, nikabonyeza. Taa ikawaka.

"Nzima, Tiya. Si unaiona mwenyewe."

"Basi alikuwa ananiaga."

"Alikuwa anakuaga."

Akalia. Hakupiga kelele, machozi yalimtoka tu huku akitikisa kichwa kukubali, na niliona mabega yake yakishuka. Kisha akasema kuanzia usiku ule atalala mahali pa Tiyo, kwenye mto wake, mkono wake juu ya swichi yake.

Nikamwona akilini mwangu amelala pale chali gizani, anatafuta swichi kwa mkono wa kushoto kama Tiyo, anaikosa, anaipata kwa mkono wa kulia. Ingemchukua muda gani kuelewa?

Nikamwambia haifai. Nikamwambia mjane halalii nafasi ya marehemu, na mito lazima irudishwe ilivyokuwa kabla ya maziko, la sivyo roho haitapata njia. Mwiko huo niliubuni pale pale nikiwa nimesimama. Tiya hakuniuliza nimeusikia wapi. Alipangusa macho, akachukua mto wa mumewe, akaanza kugeuza.