Vyombo Vilivyooshwa Mara Mbili

Mke wa Fundi aliingia ndani, akaweka mkoba mezani, akakitazama kiti kwa hamu, halafu akakipita. Kutwa nzima alikuwa ameinamia cherehani, akishona mashati ya wanafunzi katika karakana ya mtaa wa pili, na mgongo ulimkaza kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini sinki lilijaa vyombo vya tangu asubuhi, na mumewe alikuwa amelala chumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Kila jioni alilazimika kuwahi kabla mzee hajaamka.

Alifungua bomba kidogo tu ili maji yatoke bila kelele. Akasugua sufuria, akaosha sahani, akazisuuza, kisha akazipanga moja moja ndani ya mashine ya kuoshea vyombo. Sahani chini, vikombe juu, vijiko kwenye kikapu chake. Vyote vilikuwa safi, vinang'aa. Alipomaliza, aliikamua sponji hadi ikakauka, akapangusa sinki lisibaki hata tone, ndipo akakohoa kikohozi cha kumwamsha mtu.

"Umesharudi, mama watoto?"

"Nimerudi, mzee. Njoo uiwashe mashine yako, vyombo vimeshaingia."

Fundi alikuja akiburuta mguu wa kulia. Mkono wa upande huohuo ulining'inia tu, umekaa kama mgeni asiyejua aketi wapi. Kwa mkono wa kushoto alizungusha swichi ya mbele, mashine ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Akasimama kando yake, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Kila siku alisikiliza hivyo, na kila siku hakusema kitu. Kazi ilipokwisha alifungua mlango, akatoa sahani moja, akaipitishia kidole gumba mpaka ikalia kwii.

"Safi," alisema.

"Safi kabisa," mkewe akaitikia, na akajisikia amechoka kuliko alipokuwa cherehanini.

Mashine ile ilikuwa na umri kumzidi binti yao wa kwanza. Rangi yake, iliyokuwa nyeupe zamani, sasa ilifanana na maziwa yaliyolala. Fundi aliikuta imetupwa nyuma ya hoteli alikokuwa akitengeneza mashine za kufulia, akaibeba hadi ghorofa ya tatu kwa msaada wa wenzake, akaifufua. Majirani walicheka wakasema Fundi ameoa mke wa pili. Mkewe naye hakununa. Alikuwa akiamka anauliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Na mke mwenza yule alikuwa mchapakazi kweli. Walilea watoto watatu kwa sahani alizoziosha yeye. Kikiharibika kifaa hiki, Fundi anakitengeneza. Kikichakaa kile, anachonga kingine. Watu wa jengo walishabadilisha mashine zao mara kadhaa, yao ikabaki palepale, kimya, kama mzee aliyezoea matusi ya vijana.

Kisha Fundi akaugua. Aliporudi kutoka hospitali, nusu ya mwili ikiwa bado haimtii, kitu cha kwanza alichoomba ni mkoba wake wa vifaa. Mashine ilikuwa inavuja mlangoni, alisema, na mpira wa mlango ameshaupata kabla hajalazwa. Alishinda sakafuni siku nzima, bisibisi mkono wa kushoto, koleo kinywani, jasho likimtiririka. Jioni akaiwasha. Haikuvuja hata tone. Lakini mkewe alipotoa sahani ya chini, aliikuta na mchuzi ulioganda vilevile ulivyoingia.

"Vipi?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameketi, anahema, anaisubiri ile sahani kama mtoto anavyosubiri matokeo ya mtihani.

Mke akampa mgongo. Akaifuta sahani kwa aproni, haraka. "Umeweza, baba watoto. Safi kabisa."

Uongo ule alidhani ni wa siku moja. Ulikaa. Uligeuka kazi ya kila jioni, na sasa ulikuwa unaingia mwaka wa pili.

Aliyemfumania ni binti mkubwa, kifungua mimba wao, ambaye mdomo wake hauna breki na moyo wake hauna mlango. Alikuja jioni moja bila taarifa, akafungua kwa ufunguo wake, akasimama kwenye kizingiti cha jiko. Akamwona mama yake anasuuza sahani, anaitia mashineni. Anasuuza nyingine, anaitia mashineni.

"Mama, nieleze taratibu. Unaosha vyombo ili uvitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo?"

"Punguza sauti. Baba yako amelala."

"Kwani wewe huwa unaoga kwanza ndiyo ukaoge?"

Mama akacheka, hakupenda, kikamtoka tu. Kicheko kile kikaenda, kikafika mahali kikageuka kitu kingine, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Binti akamwondoa pale polepole, akachukua sponji, akamalizia vyombo yeye. Alipoelezwa habari yote hakutania tena.

"Vidole vyako vimepasuka, mama. Unashona mchana, unaosha jioni, na lile dude linakula umeme bure. Mimi na mkweo tumeshazungumza. Tutawaletea mpya."

"Baba yako hatakubali."

"Mwambie hii imekufa."

"Nikimwambia imekufa, mwanangu, ataniuliza imekufa lini."

Hapo binti akaiweka sponji chini. Alimjua baba yake. Tangu augue, mashine ile ndiyo kitu pekee alichokuwa akikitaja akasema, hiki nimekitengeneza mimi, kwa mkono huu.

"Jumamosi tunakuja kuichukua," alisema mwishowe. "Mwambie kabla. Ukishindwa nitamwambia mimi, na unajua mimi sijui kusema polepole."

Siku zilizofuata mama alilibeba neno lile kama mtungi uliojaa. Asubuhi alisema, jioni nitamwambia. Jioni alimwona mzee ameegemea mashine, anasikiliza, akasema, kesho. Ijumaa mwenye karakana alitaka mashati yote yaishe kabla ya jua kuzama. Aliporudi nyumbani alikitazama kiti kile, na safari hii hakukipita. Aliketi na viatu miguuni. Sinki lilikuwa limejaa mpaka bomba linazama. Akajiambia, nitapumzika kidogo tu. Hakuinuka.

Fundi akatoka chumbani bila kukoholewa. Akatazama sinki, akamtazama mkewe.

"Leo hujavitia?"

"Mashine haioshi, mzee," alisema. Maneno yalitoka yenyewe. Mdomo nao ulikuwa umechoka kuyashika. "Mimi ndiye ninayeosha. Nikishaosha, ndipo navitia."

Fundi alivuta kiti cha pili, akaketi kwa taabu.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipobadilisha mpira wa mlango."

Alitikisa kichwa polepole. Mkewe alijiandaa kwa hasira. Alijiandaa hata kwa machozi.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," Fundi alisema.

"Umesemaje?"

"Tangu siku ile nasikia ile feni ya chini haizunguki." Feni alikuwa anaiita ile fimbo ya chuma yenye matundu, inayozunguka chini ya sahani ikirusha maji. "Maji yanapiga mahali pamoja, pa, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi. Najiambia, mbona inalia hivi? Halafu nafungua mlango, naona sahani zinang'aa. Nikasema basi, ugonjwa umechukua mkono, umechukua mguu, sasa umenichukulia na masikio. Nimekuwa fundi kiziwi. Nikanyamaza. Ningekuambia nini?"

Mke wa Fundi alivitazama vidole vyake vilivyopasuka. Muda wote ule alidhani anamsitiri mumewe. Kumbe kila sahani aliyoifuta ilikuwa inamwambia mzee kwamba akili yake imemtoka.

"Sikutaka uvunjike moyo," alisema.

"Najua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewashinda wahenga, umeficha hadi maradhi ya mashine." Alisema bila kucheka, lakini pembe moja ya mdomo ilipanda. Kisha akaegemea meza, akasimama. "Lete hivyo vyombo."

"Ngoja nivioshe."

"Usithubutu. Vitie hivyohivyo."

Wakavitia na uchafu wao, mkono mmoja wa Fundi na miwili ya mkewe. Mashine ikanguruma hadi mwisho. Fundi akafungua mlango, na kwa mara ya kwanza tangu augue akaona kitu cha kutazama. Vikombe vya juu vilitoka vizuri. Sahani za chini zilikuwa na mstari msafi upande mmoja, mwembamba, na kwingine mafuta matupu.

"Unaona? Uchafu unazungumza. Unaniambia maji yametoka hapa, hayakufika hapa. Wewe kila jioni ulikuwa unaukata ulimi."

Akalala kifudifudi sakafuni, akaichomoa feni ya chini. Siku ile ya mpira wa mlango aliifungua, akairudisha kwa mkono wa kushoto, na ikakaa upande. Alilitazama kosa lake kwa muda mrefu.

"Nilikosea mwenyewe. Mkono huu haukuzoea kukaza kuelekea kule," alisema. Halafu akaigeuza feni kwenye mwanga. "Na tazama, matundu yamezibwa na ukoga wa chumvi ya maji. Yanataka kitu chembamba."

Mkewe alikwenda kwenye mkoba wake wa kazini, akarudi na sindano nene ya kushonea turubai. Fundi akaishika feni kwa mkono wake mzima, mkewe akaketi sakafuni karibu naye, akaanza kuzibua tundu moja baada ya jingine. Unga mweupe wa ukoga ule ulimwagika juu ya sketi yake.

"Umechoka. Nenda kalale, tutamalizia kesho."

"Shika vizuri, mzee. Unaitetemesha."

"Si mimi, ni wewe unayesinzia."

Kesho yake, feni imesharudishwa mahali pake, binti na mumewe walifika na kamba nene ya kubebea mzigo. Fundi ndiye aliyefungua mlango. Kabla binti hajafungua mdomo, baba alishamweleza yote, pamoja na kosa lake mwenyewe, tena hilo alilieleza la kwanza.

"Sawa, baba," binti alisema, akimtazama mama yake mikononi. "Mimi sina ugomvi na mashine. Lakini mama akirudi tena kwenye lile sinki, naibeba hata kama inaimba."

"Akiosha tena hata kijiko, nifunge mimi na hiyo kamba."

"Usimpe wazo, mzee," mkwe alisema. "Huyu hufunga kweli."

Wakala kwanza. Baada ya chakula binti alikusanya sahani, na Fundi akazipokea, akazitia mashineni zikiwa na mafuta yake, polepole, moja moja. Hakutaka msaada. Mama alibaki kwenye kiti, amevua ndala, mikono ameilaza mapajani. Hakujua aiweke wapi. Ilikuwa inajikunjakunja yenyewe, inatafuta sponji. Mashine ilipoanza kunguruma alifumba macho. Hakusikia mtu anayebisha hodi ndani yake. Alisikia maji yanazunguka.

Alizinduliwa na mlio wa sahani. Fundi alikuwa anatoa vyombo kwa mkono mmoja, anavipanga kabatini, vingine vinagongana.

"Sahani nzuri," alitangaza. "Vikombe vizuri. Lakini sufuria hii bado ina mafuta pembeni."

Binti akageuka kumtazama mama yake. Miguu ya mama ilishaanza kutafuta ndala chini ya kiti, na mwili ulishajivuta mbele, unataka kwenda kuichukua ile sufuria, kuifuta haraka, kusema ni safi.

Akairudisha miguu.

"Itazame vizuri, mzee," alisema, macho ameyafumba tena. "Itakuambia inaumwa wapi. Mimi nimekaa."