Sifuri za Ukurasa wa Sitini na Nne

Kulikuwa hakujapambazuka dereva mstaafu alipousikia ufutio sebuleni: kwaru, kwaru, kwaru. Alivaa kandambili, akabandika chai ya watu wawili.

Mchumi wa wizara, mwanamke aliyekuwa akimwendesha enzi za kazi, alikuwa ameshakaa mezani. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa tangu afariki, na baridi ilimsumbua miguu, kwa hiyo dereva alimfunika magoti kwa shali ya marehemu mkewe.

Mbele yake kulikuwa na nakala za kitabu alichokiandika kuhusu mpango wa afya vijijini, toleo la kwanza. Wakusanyaji wengine hutafuta sahihi za wakubwa. Dereva alitafuta nakala kumi na mbili tu, zile alizozipeleka mwenyewe kwa gari la wizara na kuziachia makatibu muhtasi wa waheshimiwa. Alizikuta moja moja kwenye meza za vitabu vya mitumba, safi kama zilivyotoka kiwanda cha uchapaji. Ya mwisho aliipata jana.

Ndani ya kila jalada mchumi alikuwa ameandika kwa mkono: "Mheshimiwa, ukurasa wa 64 umekosewa kiwandani. Ni zahanati moja kwa vijiji 4, si 40. Tafadhali msipitishe kabla ya kusahihisha."

Hakuna aliyefunua jalada. Mpango ulipita hivyohivyo, zahanati ya jirani ikafungwa, na mke wa dereva akafia njiani akipelekwa ile ya mbali.

Kila alfajiri mchumi alifuta sifuri, na kila asubuhi zilirudi. Leo nakala zilikuwa zimetimia. Dereva alidhani huenda sifuri zikakubali kufutika.

"Ningewaambia tu wafungue," alisema.

"Wangekusikiliza wewe, shemeji, mimi wamenishinda?" Mchumi alikoroga chai. "Wizara nzima, ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza kama nimekula."

Alifuta ya kumi na mbili. Jua likaingia dirishani, na sifuri zikarudi kwa zamu, mviringo uleule.

Mchumi alipuliza vumbi la ufutio, akakunja shali, akaosha kikombe chake. Nje, akina mama walishashika njia ya zahanati, watoto mgongoni.

Dereva alimfungulia mlango, ingawa hakuuhitaji.

"Vitabu vimekwisha," alisema, "ila majani ya chai bado yapo. Kesho uje tena, dada."