Mkwe Haonwi Mashineni

Kila jioni video ilikatika palepale: Lazaro kasimama kanisani kule Mpulungu, suti mwilini, shingo kaigeuzia mlangoni, kisha giza. Betri ya laptopu ya Mwalimu Kabula ilikuwa imechoka kiasi hicho. Na mama mwenye nyumba wake, Mama Cornelia, alikuwa hajamwona mkwewe hata kwa picha, kwani siku ya harusi ya mwanawe huyo malaria ilimlaza kitandani.

Kijijini Kaoze hakukuwa na umeme, ila jenereta la mashine ya kusaga. Huko laptopu ingewaka bila kutegemea betri, lakini Mama Cornelia alikataa kwenda.

"Mkwe wangu nimwone mashineni, kati ya magunia na pumba? Kanikosea nini?"

Basi fundi Nestory wa Chanji akatuma betri mpya kwa basi, akamwelekeza Kabula kwa simu. Kabula, msichana wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, akaazima bisibisi, akafungua skrubu za mfuniko wa chini. Betri ya zamani ilikuwa imevimba kama andazi. Akachomoa waya wake taratibu, akaitoa, akaenda kuiweka mchangani, mbali na jiko. Aliporudi, ile mpya haikuwepo mezani.

"Mama, hapa palikuwa na kitu…"

"Betri? Nimekusaidia, mwalimu. Nimeianika."

Ilikuwa juu ya bati la banda la kuku, jua kali likiichoma, imepangwa na betri za redio. Betri ikiishiwa huanikwa ipate nguvu. Nani asiyelijua hilo? Kabula akaishika kwa ncha ya kanga. Ya moto! Machozi yakamlengalenga.

"Nimeiharibu?"

"Hapana, mama," akajibu, ingawa hakujua. "Hii tu haipendi jua."

"Betri isiyopenda jua! Basi ina maringo hiyo."

Kabula akaiweka kivulini hadi ikapoa kabisa. Akaigeuza huku na huku: haikuvimba. Akaifunga ndani ya laptopu, akakaza skrubu, akaipeleka mashineni kuchaji.

Jioni wakaketi. Lazaro akageuza shingo. Mlango wa kanisa ukafunguka, shela jeupe likachungulia.

"Simamisha!" Mama Cornelia akainuka, akaingia ndani.

"Mama, isije ikazi…" Kabula akatupia jicho alama ya chaji. Ilikuwa karibu kujaa. Akatabasamu.

Mama Cornelia akatoka kanawa uso, kitenge kipya kiunoni, kilemba kichwani. Akaketi wima.

"Haya, mwalimu. Mlete mkwe wangu."