Bi Mkubwa Asubiri Kwanza

Chumba cha mitambo cha hospitali kina ubaridi wa alfajiri mchana kutwa, nami hupenda kusinzia humo. Visanduku viwili hupepesa taa za kijani, kama macho ya watu wanaotaniana.

"Hizi ni ruta, bibi," alinieleza mjukuu wangu, fundi aliye bado kwenye majaribio ya kazi. "Hii inapitisha intaneti. Ile inasikiliza mapigo ya mwenzake tu. Yakinyamaza, inashika kazi."

"Bi Mkubwa na Bi Mdogo," nikasema. "Hayo nayajua."

Daktari mkuu alisimama mlangoni, kakunja mikono. Kesho angempasua mgonjwa huku bingwa wa mbali akimwongoza kwenye skrini. "Intaneti ikikatika, binti, tafuta kazi kwingine."

Ili kuzijaribu ruta, alihitajika mtu wa kuongea kwenye skrini bila kupumzika. Nikampigia mke mwenzangu, aliyehamia kwa mwanawe ng'ambo. Uso wake ukaelea kwenye skrini kama mwezi kwenye karai la maji.

"Umezeeka, we!" akaanza.

Mjukuu wangu akachomoa waya wa Bi Mkubwa. Uso ukaganda pumzi moja, mdomo wazi, nikamwona msichana yule aliyeletwa nyumbani kwangu na sanduku la bati. Kisha akaendelea kunisimanga. Bi Mdogo kashika mwiko!

Waya ukarudishwa. Bi Mkubwa akaamka, na skrini ikawa nyeusi tii. Daktari akaguna.

Mjukuu wangu alitokwa na jasho katika baridi ile, macho kwenye kompyuta. "Inanyakua kazi ikiamka tu," akanong'ona, "kabla haijapata njia ya nje."

"Katoka safari, hata kunawa hajanawa, kashampokonya mwenzake mwiko," nikasema. "Wapo wa hivyo."

Akacheka kidogo, akaiandikia amri: ukirudi, subiri dakika tatu ndipo ushike kazi.

Tukapiga tena. Waya ukatoka, ukarudi. Masimango yakaninyeshea kama mvua juu ya bati, na katikati ya mvua hiyo taa zikapokezana zamu polepole, bila kugombana.

"Imekatika wapi?" daktari akauliza.

"Mimi nikatike?" mke mwenzangu akamjibu kutoka ng'ambo. "Na wewe nani, unadakia maneno ya wakubwa?"

Daktari akakunjua mikono. "Kesho uwahi kabla ya mgonjwa," akamwambia mjukuu wangu. "Na kesho kutwa, na siku zote."

Yule wa ng'ambo hajamaliza bado. Nikamnong'oneza mjukuu wangu achomoe zote mbili. Akakataa katakata. Basi nikafumba macho, sauti ile ikanichukua usingizini.