Kula Mbele ya Mkwe

Sikwenda Ulaya kutazama majumba. Nilikwenda kumwona binti yangu Léontine. Lakini asubuhi niliyotua, aliyenisubiri uwanjani alikuwa mumewe, Yves, peke yake, ameshika kibao chenye jina langu: MAMA NABINTU. Léontine alikuwa zamu hospitalini anakofanya usafi, hakupata ruhusa.

Nilikuwa sijalala tangu nitoke Kasongo. Pikipiki hadi Kindu, ndege ndogo hadi Kinshasa, kisha ndege kubwa usiku kucha, magoti yamenibana. Wanasema saa ya kule na ya kwetu majira hayo ni moja. Labda saa. Kichwa changu kilikuwa bado njiani.

Nilidhani nitapewa maji ya kuoga na kitanda. Yves akakataa kwa kidole. Alikuwa amesoma mahali kwamba msafiri akilala mchana siku ya kwanza, usingizi utamsumbua wiki nzima. Kwa hiyo tutatembea, tuuone mji wao wa Brugge, ambao ni wa kale sana. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya kuuona, lakini nani anabishana na mkwe?

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Katika ukoo wetu, sisi wa kijiji cha Wamaza, mama hali mbele ya mume wa binti yake, wala halali mahali mkwe anapoweza kumwona, mpaka mkwe huyo amletee kuku kwa mikono yake mwenyewe. Tunamwita kuku wa kufungua kinywa. Akishaliwa, ndoa imekuwa ndoa. Asipokuja, kwa ukoo binti ni msichana aliyetoroka tu, hata akiwa na cheti cha serikali. Na mama haombi kuku huyo. Akiomba, ni kama anamuuza mwanawe. Léontine na Yves walifunga ndoa hukohuko, sisi tukaitazama kwenye simu, na kwenye simu kuku hapiti.

Basi nikatembezwa. Barabara zao ni za mawe, kila jiwe linakuuliza unakwenda wapi. Yves alitangulia akinionyesha kwa mkono.

"Mama, hii nyumba iko muzee sana," alisema kwa Kiswahili alichofundishwa na Léontine.

Kanisa liko muzee sana. Daraja liko muzee sana. Mimi pia nilikuwa mzee sana, na hakuna aliyenihurumia. Kila nilipoona benchi moyo ulinidunda, na kila nilipoketi niliinuka haraka, kwa sababu macho yalikuwa yanajifunga yenyewe na mkwe alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu.

Akanunua mkate mtamu wenye sukari juu. Nikashukuru, nikautia mkobani. Akanunua chokoleti, nayo ikaingia mkobani. Njaa ilikuwa inanikata, na harufu ya mkobani ilizidi kunitesa. Kisha akanipandisha mtumbwi wa injini uzungukao mji kwa mifereji, tukabanwa kwenye ubao mmoja, paja kwa paja, mimi na mkwe wangu. Nilijaribu kusogea. Mwenye mtumbwi akanifokea nikae. Maji huku, mkwe huku, na usingizi unanivuta shingo. Nikajifinya mkono kwa kucha mpaka tukashuka. Nilichukia maji yale, nikachukia na mji wenyewe, na Mungu anisamehe, nilimchukia kidogo na Léontine.

Kwenye uwanja ulio chini ya mnara wa kengele, Yves alileta viazi vya kukaanga, vya moto, kwenye karatasi. Akaniwekea magotini. Nikamwambia sina njaa. Uso wake ukabadilika. Akasogea kando, akapiga simu, akasema kwa sauti ya chini, halafu akaniletea simu bila kunitazama. Alikuwa Léontine.

"Mama, Yves iko anasema tangu asubuhi unakataa chakula yake. Anafikiri haumupendi."

"Léontine, unajua sababu."

Nilisikia ndoo inaburutwa sakafuni.

"Najua," alisema. "Lakini siwezi kumwambia ile mambo ya kuku. Atasema sisi ni watu wa namna gani? Mama, kula hata kidogo. Mimi ndiye nitabaki naye hapa."

Ikaniuma. Iliniuma kwamba mwanangu anatuonea haya, na iliniuma zaidi kwamba sauti yake ilikuwa na woga. Nikamrudishia Yves simu. Nikachukua kiazi kimoja. Mama yangu hakufanya hivyo, wala mama yake. Nikakitia mdomoni mbele ya mume wa mwanangu, machozi yakanitoka, nikatafuna.

Yves alifurahi kama mtoto. Akainua simu akanipiga picha, kinywa kimejaa, na kabla sijameza alikuwa ameituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu, alikoingizwa na Léontine siku ya harusi.

Sasa nilinaswa kweli. Simu yake ikalia mara moja. Ulikuwa ujumbe wa sauti kikundini, wa wifi yangu Odile, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo ya ukoo, na kila mtu wa Kasongo na Wamaza mwenye simu alikuwa anausikiliza.

"Nabintu, tumeona unakula mbele ya mukwe. Kuku ilifika lini?"

Yves aliniinamia, anangoja nimtafsirie salamu. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi, na koti lake alikuwa amenivalisha mimi tangu asubuhi, hata sikuwa nimeliona. Nikamwomba simu. Nikabonyeza palipo na kinasa sauti.

"Kuku ilifika leo, Odile. Alinipa yeye mwenyewe, kwa mikono mbili. Nilikula, nikashiba. Léontine iko na bwana. Wambie watu wote."

Nikaachia kidole, ujumbe ukaenda.

"Mama umesema nini?" Yves aliuliza.

"Nimesema umenilisha vizuri."

Akacheka, akaniuliza kama sasa twende tukapande mnara. Nikamwambia hapana, mwanangu, nimechoka. Nikaegemea benchi lao la mji wa kale, nikalala mbele ya mkwe wangu, mdomo wazi.