Kamba ya Waipa

"Mbuzi wale, maskini, wanavyorowa," alisema Fawziya, na Yaqoob akapunguza mafuta.

Yeye hakuwaona mbuzi. Aliona weupe wa mvua, na katikati ya weupe ule doa jekundu, taa za nyuma za gari la Zuhair, kiongozi wa kilabu cha magari ya zamani. Alikuwa akilifuata doa lile tangu mji wa Ibra. Pembeni yake mkewe alivuta kamba. Mota ya waipa ilikufa zamani na spea za Landrova kongwe kama ile hupatikana kwa bahati, basi Yaqoob alifunga kamba kwenye waipa, akaipitisha dirisha hili na lile, akaziunganisha ncha zake ndani ya gari. Anayekaa upande wa abiria ndiye anayevuta, kushoto, kulia, mpaka mvua ikatike. Asubuhi wenye Landrova na Lendikruza za zamani walikusanyika kuitazama, wakacheka, wakaipiga picha.

"Lo, kona hii! Na mawe yote yale upande wa kulia."

Yaqoob akakata usukani kushoto.

Huo ndio ulikuwa mpango wao, ingawa hawakukaa chini kuupanga. Daktari wa macho kule Nizwa alisema presha ya macho imeshalila jicho la kulia, na la kushoto limebaki la kuchungulia tu, kama mtu aliyeweka jicho kwenye tundu la ufunguo. Kilichokwenda hakirudi, na kuendesha gari basi. Fawziya, muuguzi wa miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Yaqoob akajibu kuwa ni safari hii moja tu, kisha khalas, basi. Alikwishasema hivyo safari ya mji wa Adam, na ya Tanuf pia.

Basi Fawziya akawa anasema njia nzima. Aliwaonea huruma mbuzi, aliyalaani mashimo, aliwashangaa watu waliosimama kando ya barabara. Kilabu kizima kikamjua kuwa ni mwanamke wa maneno. Kwenye kahawa Zuhair alipenda kutania kwamba gari la ami Yaqoob halina haja ya redio, na watu wakacheka, na Yaqoob akacheka nao. Hilo lilimuuma kuliko giza lenyewe, lakini kila mara alicheka.

Mtu asimhukumu upesi. Alipofika Oman kutoka Unguja hakuwa na cheti wala ukoo wa kumshika mkono. Alichokuwa nacho ni leseni. Akapewa gari la chanjo, gari hili hili, na muuguzi kijana aliyekaa kiti hicho hicho, sanduku la barafu mapajani. Vijiji vyote vya Sharqiyah vilimjua kwa mlio wa injini. Gari lilipopelekwa mnadani alilinunua, na toka siku hiyo hakumpa mtu usukani, hata mkewe, ambaye huenda kazini na Korola yake kila siku. Alisema Landrova hii ina maneno yake, haimkubali kila mtu.

Doa jekundu likasimama. Milango ikafunguka huku na huku.

Walikuwa wamefika kwenye wadi, korongo linalojaa maji mvua ikinyesha, na soko la Sinaw lilikuwa ng'ambo. Kilabu kilikuwa na desturi yake: wadi ikiwa na maji, hapiti mtu mpaka Yaqoob ateremke ayatazame. Maji safi, yanayoonyesha changarawe, ni mvua ya hapa hapa, na magari hupita. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kubeba vijiti, basi mlimani kumeshafurika na mafuriko yako njiani. Wengi waliojaribu kupita maji ya namna hiyo walizikwa na majirani.

Walisimama ukingoni, Yaqoob na mkewe na Zuhair, na wengine nyuma yao. Gari la Zuhair lilikuwa mbele kabisa, linanguruma, na ndani yake alikuwamo mkewe Dalal na mtoto mchanga.

"Ami Yaqoob, tupite?"

Yaqoob akatazama. Aliona kijivu kinachosogea, basi. Mvua na injini hazikumwachia sikio la kusikilizia. Akangoja. Sasa Fawziya angesema kitu, kwamba maji haya mtu angeweza kutawadhia, au kwamba matope gani haya ya leo. Alimsikia akipumua pembeni yake.

Fawziya hakusema kitu.

Yaqoob akamgusa kiwiko, bure. Hasira ikampanda Yaqoob, maana aliona amevuliwa nguo mbele za watu, tena na mtu wake. Zuhair akauliza tena, kwamba mvua inazidi na ikiwa ni kupita wapite. Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni. Siku nyingi maji huwa safi, kwa nini leo yasiwe? Ndani ya gari la mbele mtoto akalia, na Dalal akaanza kumbembeleza. Yaqoob aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Sioni, Zuhair," alisema. "Sijui maji yana rangi gani. Macho yangu yamekwisha zamani, na njia zote hizi huyu ndiye aliyekuwa akiniendesha kwa maneno yake. Muulizeni yeye."

"Chai ya maziwa," akasema Fawziya papo hapo. "Na vijiti vinapita. Rudini juu kwenye lami, yallah, mwanzo gari la mtoto."

Walirudi kinyumenyume, wakasimama juu ya barabara. Hawakukaa sana. Walianza kusikia mngurumo, kama malori yanayomwaga mawe, kisha ukuta wa maji ukaja ukapita pale pale walipokuwa wamesimama mwanzo, umebeba mtende na mizizi yake na tangi la maji la watu. Dalal alimkumbatia mwanawe.

Zuhair alimjia Yaqoob, akamshika mabega, akambusu kipaji cha uso. Hakutania. Alisema atamtoa kijana mmoja wa kilabu, Khalaf, awaendeshee gari mpaka nyumbani.

"Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu," alisema Yaqoob. "Dereva ninaye."

Akaupapasa mkono wa mkewe, akautia ufunguo.

Gia ya kwanza ililia vibaya. Yaqoob aliuma ulimi. Ya pili ikaingia, na Landrova ikamkubali Fawziya bila maneno yoyote. Yaqoob akashika kamba, akavuta, kushoto, kulia.

Walikwenda hivyo kitambo.

"Na kama ningewaambia wapite?" aliuliza Yaqoob.

"Ningepiga ukelele hata watu wa Sur wakanisikia. Lakini nilitaka useme wewe."

Yaqoob akavuta kamba. Ilikuwa imelowa, na ilimkata viganja. Hakujua kama ilikuwa nzito hivi. Mkewe hakusema kitu juu ya barabara, wala mbuzi, wala mashimo. Mashimo aliyapita kimya kimya.

"Mbona husemi, Mama Ibtihal?"

"Nimechoka kusema. Leo sema wewe."

Yaqoob alitafuta la kusema. Alikuwa na moja tu.

"Walipokuwa wakikucheka, nilicheka nao."

"Nilikusikia," alisema Fawziya.

Akabadilisha gia, safari hii kwa ulaini. Juu ya bati la gari mvua ikapungua, ikawa tone moja moja, ikakatika. Mpira wa waipa ukaanza kulia juu ya kioo kikavu. Wote wawili waliusikia. Yaqoob aliendelea kuvuta, kushoto, kulia, na Fawziya hakumwambia aache.